Jiko Linalochagua Sufuria

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Wahenga walituonya tusiutupe kwa sababu tu tumeona msala mpya ukipita, lakini wapo watu masikio wameyaweka kwa urembo. Mzee Mwinjuma wa Goba alikuwa mmoja wao.

Kwa miaka mingi mkewe, Chausiku, alipikia jiko la gesi lenye kutu miguuni, na halikuwahi kumwangusha. Siku moja kabla ya washenga kuja kumposa binti yao Raudha, Mwinjuma aliingia na jiko la umeme la kioo, jeusi, linang'aa. Dukani alionyeshwa maji yakichemka kufumba na kufumbua, akapagawa. Lile la gesi akamgawia jirani yao Genoveva, pamoja na mtungi wake.

"Baba Raudha, si ungengoja washenga wapite?" Chausiku alilalamika.

"Unataka wakwe waone kutu ile? Acha ushamba, mama!"

Kisha akampigia simu Mzee Sadallah, kiongozi wa washenga. "Mkifika kona ya msikiti msiulize mtu. Fuateni harufu ya pilau!"

Asubuhi Chausiku aliteleka sufuria kubwa ya pilau. Jiko likalia pii, pii, likazima. Akabonyeza tena. Pii, pii. Mwinjuma akalipiga kofi, wapi! Raudha ndiye aliyesoma maelekezo: jiko lile halikubali sufuria za alumini. Na nyumba nzima ile hamkuwa na sufuria ya aina nyingine.

"Yarabi! Jiko linachagua sufuria?" Chausiku akafoka. "Baba Raudha, umeniletea jiko au mkwe?"

Washenga walikuwa njiani, na aibu ya kupokea posa bila chakula haifutiki. Chausiku akabeba sufuria yake hadi kwa Genoveva, nyumba ya nyuma inayotazama njia ya pili.

"Karibu, dada," Genoveva alimwambia. "Jiko lako mwenyewe hilo."

Moto wa gesi ukawaka kama kawaida yake, na pilau likanukia mtaa mzima. Mwinjuma alibaki barazani kwake na kanzu yake iliyonyooshwa, akichungulia njia. Adhuhuri ikapita. Mtu hatokei.

Alipochoka kungoja, alikwenda kumhimiza mkewe. Lahaula! Washenga walikuwa wamejaa barazani kwa Genoveva, wanakula. Walifuata harufu kama walivyoagizwa, na Chausiku aliona haya kuwainua wakwe waliokwisha kuvua viatu. Kumwita mumewe hakumwita. Hasira zilikuwa zimemjaa hadi kooni.

"Karibu, bwana," Mzee Sadallah alimwambia, tonge mkononi. "Wewe ndiye jirani?"

Mwinjuma akajibu, "Mie ndiye baba wa binti."

Vicheko vikamzonga. Posa ilipokelewa, naam, lakini kwenye baraza la jirani, juu ya mkeka wa jirani, huku mwenye binti akitafuta pa kukaa. Usiache mbachao kwa msala upitao.