Mtama Ulioota kwa Siku Moja

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Zumarani, zama za ukame mkuu, alikuwako mja mmoja akiitwa Muadhimi bin Labidi, mkulima wa kijiji cha Kinahi. Katika nchi ile Mola alikitia kila chenye uhai nguvu isiyoonekana kwa macho, wenyeji wakiiita nasimu. Wachache walijaaliwa kuivuta na kuielekeza watakako, na Muadhimi alikuwa miongoni mwao. Akiweka kiganja juu ya udongo mkavu na kulitaja jina la Mola wake, mtama huchipua asubuhi, na kufikia alasiri umekwisha toa masuke.

Kwa miezi mitano nyumba arobaini zilikula kutoka shamba lile. Watu walimbusu mkono, wakamwita walii. Naye, Mola amsamehe, aliamini kwamba nasimu ile yamshukia kutoka mbinguni kwa sababu ya sala zake. Hakupata kuuliza inatoka wapi.

Mkewe, Bi Jokha, alikuwa akidhoofika. Hajatimiza miaka thelathini na mitano, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, na meno mawili yaling'oka yenyewe. Muadhimi alidhani ni madhara ya njaa, ijapokuwa chakula kilikuwamo ndani.

Ikasadifu Muadhimi akashikwa na homa, akalala siku tatu bila kwenda shamba. Siku ya pili Bi Jokha aliinuka, akatwanga. Siku ya tatu alisikika akiimba jikoni, na mumewe akamshukuru Mola. Siku ya nne Muadhimi alirudi shamba, akaweka kiganja. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe ameketi chini, chungu kimepinduka kando yake, mkono hauwezi kukiinua. Moyo ukampasuka, kwani alielewa.

"Jokha, nasimu ile inatoka kwako?"

"Hutoka kwa anayelala chini ya dari moja nawe, mume wangu. Na humu ndani tupo wawili tu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mavuno ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanzo nilitoa kwa radhi yangu. Niliwasikia watoto wa jirani wakicheka kwa shibe, nikaona ni sadaka. Miezi miwili hii si kwa radhi tena. Niliogopa tu kusema. Watu wangenionaje?" Akajifuta uso kwa upindo wa shuka. "Nimechoka, Bwana."

Muadhimi alijaribu kuivuta nasimu ya mwili wake mwenyewe. Ikakataa, kama mtu asivyoweza kujibeba mgongoni. Asubuhi yake akawakusanya watu mbele ya msikiti, akawaeleza yote bila kuficha. "Mtama mliokula ni umri wa mke wangu. Mimi si walii. Tangu leo nimeacha."

Watu waliinamisha vichwa. Kisha mkuu wa kijiji, Mzee Ghanimu, akasema kwa upole, "Bwana Muadhimi, twakuonea huruma. Lakini yeye ni mmoja, na sisi tu nyumba arobaini. Tuna watoto."

"Ni kweli, mzee wangu. Basi nani kati yenu atahamia kwangu, alale chini ya dari yangu, ili Jokha aende kwa nduguze apumzike?"

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliangua kilio, akaondoka. Wengine wakamfuata. Jioni ile mlango wa Muadhimi ulipigwa mawe, na mikono iliyorusha ndiyo aliyoilisha.

Safari hii Bi Jokha hakuinuka. Ikapita siku ya pili, ikapita ya tatu, mumewe akingoja kumsikia jikoni. Jokha alipoletewa uji wa mtama wa shamba lile, alifumba midomo. Siku ya tisa Muadhimi alipiga magoti kando ya kitanda.

"Umeniridhia, Jokha?"

"Wewe nimekuridhia," akasema. "Wao, bado najaribu."

Akafariki kabla ya alasiri. Waliohudhuria maziko walikuwa kumi na mmoja.

Mvua ilinyesha baada ya miezi miwili. Nyumba ishirini na sita zilikuwa tupu, na njia ya shamba ikawa inapita kando ya makaburi mafupi ya watoto. Hakuna aliyewahi kumwambia Muadhimi kwamba alitenda haki, wala yeye hakuwa na yakini. Aliishi hadi uzeeni akilima kwa jembe, akivuna kidogo. Na kila alipokaribishwa chakula hakutia tonge kinywani kabla ya kuuliza, "Aliyepika amekula?"

Ndugu zangu, mja huyu alisema kweli, na kweli haikumletea faraja ya dunia. Sisi twapenda kuzitaja neema zilizotufikia. Ni mara ngapi tumeuliza zimetoka mwilini mwa nani? Mola awarehemu wote wawili, na awarehemu watoto wa Kinahi.