Fundi Aliyeingia na Mbili na Saba

Ndugu zangu, leo nawapeleka mahali ambapo mchungaji hatarajiwi: kwenye meza ya karata. Mzee wa kanisa, usinitolee macho, aliyenisimulia ni mwenye kisa mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Jumamosi moja mkewe akamwambia, "Baba Tumaini, kesho mama anakuja. Nenda ukanunue kamba umfunge huyu jogoo, asituponyoke." Mama mkwe huyo alikuwa hajakanyaga kwao tangu harusi, na siku ya harusi alisema mbele za watu kwamba binti yake kaolewa na porojo. Heshima yote ya fundi ilikuwa kwa jogoo yule.

Basi, asije akamtoroka kabla ya kamba, akambeba kwapani kwenda dukani. Njiani, kwa kinyozi, akakuta wenzake wanacheza poka. Mchezo wenyewe ni hivi: unapewa karata mbili, unazificha. Aliyekaa karibu na mgawaji anasema kwanza, wa mwisho anasema akiwa amewasikia wote. Karata zikiwa mbaya unazitupa, hupotezi kitu. Ukishaingia, ukizitupa umepoteza ulichoweka, na dau halina mwisho, mtu anaweza kuweka hata shati la mwilini.

Fundi akapewa kiti cha kusema kwanza. Akachungulia karata: mbili ya pau, saba ya kopa. Masikini! Katika mchezo ule hakuna takataka kuzidi hiyo. Wewe ungefanyaje? Yeye akapiga meza: "Naingia! Naweka kitenge cha dukani kwangu!"

Wengine wakatupa karata. Muuza nyama, aliyekaa mwisho, akasema taratibu, "Nami naweka kilo mbili za nyama."

Fundi akaona haya kurudi nyuma. "Naweka jogoo!"

"Mimi mbuzi," akasema muuza nyama. "Ukitaka kuendelea, fundi, weka cherehani."

Fundi akazitupa karata. Kitenge kimekwenda, jogoo kaenda.

"Basi nionyeshe ulikuwa na nini," akaomba.

Muuza nyama akafunua karata zake, na ndiyo kwanza alikuwa anaziona. Tatu na nane! "He! Kumbe na mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nakuangalia wewe tu, kaka. Ulikuwa unatetemeka kila ukifungua mdomo."

Nyumbani mkewe hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ulijua karata zako ni mbaya?"

"Nilijua."

"Na ungeweza kuziacha?"

"Ningeweza."

"Sasa nani alikulazimisha kuingia?"

Kesho yake mama mkwe alikula mchicha, na fundi akatamani ardhi immeze.

Haya, tumemcheka sana fundi. Na sisi je? Kwenye vikao vya harusi nani anaahidi ng'ombe wakati hata kuku hana? Majirani wakigombana, nani anatoa hukumu kabla hajasikia upande wa pili? Ni sisi! Tunajua kabisa mkononi hatuna kitu, lakini tunaogopa kuonekana tumenyamaza. Mungu hajamwambia mtu yeyote humu ndani aingie kila mchezo. Kunyamaza si dhambi, jamani.

Baada ya ibada tuna kikao cha paa la kanisa. Wanaonyoosha mkono wa kwanza kila mwaka nawafahamu, na mabati yao bado tunayasubiri. Leo nawaomba, kwa upendo kabisa, mikono hiyo muikalie.