Mashavu na Shimo la Fundi Muhanga

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama mlionyimwa chakula? Wewe uliye nyuma huko, meza kwanza. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na ngiri wawili. Mmoja aliitwa Mashavu, wa pili aliitwa Siwatu. Siwatu aliolewa na kaka yake Mashavu, kwa hiyo walikuwa mawifi. Na mawifi mnawajua. Sisemi zaidi, maana wamo humu ndani na wananitazama.

Sasa sikilizeni. Ngiri hajichimbii shimo. Shimo la ngiri huchimbwa na muhanga, yule mwenye masikio marefu na kucha za kulimia. Fundi Muhanga alikuwa amewachimbia mawifi hawa mashimo mawili chini ya kichuguu kimoja, la huku na la huku, upana mmoja. Na ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Anageuka, anaingia kinyumenyume, makalio kwanza, ili uso na meno vibaki mlangoni vikimngoja adui. Ndivyo ngiri wanavyoingia nyumbani, na wala hawaoni haya.

Masika yakaja. Mvua ikanyesha, ndago zikajaa. Ndago ni vile vizizi vidogo vya duara, ukivitafuna vinatoa utamu. Mashavu akapiga magoti, akala. Kafu kafu kafu. Akala asubuhi. Akala mchana. Akala huku akingoja wakati wa kula. Mvua zilipokatika akarudi shimoni kwake ajilaze kidogo. Akageuka, akarudi nyuma. Suu... kwa!

Amekwama.

Akasukuma. Kwa! Akavuta pumzi, akasukuma tena. Kwa! Makalio yamepita, tumbo limegoma. Na pale jirani, wifi yake Siwatu akageuka taratibu, akarudi nyuma, suu, akapotea. Ikabaki pua tu.

Wivu ukamshika Mashavu. Akasema moyoni, "Mtazame anavyoingia. Anafanya makusudi nimwone."

Akaenda kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani kakwama?"

"Hakuna aliyekwama. Shimo limepungua. Nipanulie kidogo."

Fundi Muhanga akamtazama mbele, akamtazama ubavuni. Akasema, "Mama, shimo halipungui. Nikilipanua uingie wewe hivyo ulivyo, na Fisi ataingia. Nyasi zikikauka Fisi anavuka mto, anakuja huku. Una mwezi mmoja. Kimbia kila asubuhi mpaka kwenye jiwe jeupe na kurudi. Na huo mdomo upumzike."

Mashavu akaogopa. Fisi si mchezo. Asubuhi akatoka mbio na wifi yake, maana Siwatu alikuwa na desturi ya kukimbia. Mikia juu, wima. Tifu tifu tifu, vumbi nyuma yao. Katikati ya njia pana dimbwi la tope, tope laini, la baridi. Mashavu akasema, "Wifi, tangulia. Mimi napumua kidogo." Akajilaza topeni. Siwatu akaenda mpaka kwenye jiwe jeupe, akalizunguka, akarudi. Alipopita, Mashavu akainuka, akamfuata. Wakafika nyumbani pamoja, na Mashavu ndiye aliyehema zaidi.

Jamani, alikimbia mpaka wapi?

Mpaka topeni!

Msimwambie. Yeye anajua alikimbia. Mbona miguu inamuuma? Mbona amelowa?

Basi Siwatu akapiga magoti, akala ndago. Mashavu akamhesabia kwa jicho la pembeni. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Akasema, "Kumbe anakula! Anakimbia, kisha anakula, na bado anaingia suu. Na mimi si nimekimbia?" Akaanza kuimba:

*Nimekimbia, nimechoka,*
*jasho langu nalirudisha.*
*Wifi yangu kala kumi,*
*na mimi sitapitwa.*

Akala kumi. Akaongeza mbili, kwa kuwa mwili wake ni mkubwa kuliko wa wifi. Akaongeza tatu, kwa kuwa alitoka jasho zaidi. Akaongeza moja, basi tu, asilingane na Siwatu.

Kesho yake vilevile. Tifu tifu, topeni, nyumbani, kafu kafu. Kesho kutwa vilevile. Siku saba zikapita. Mashavu akaenda shimoni, akageuka, akarudi nyuma. Suu... kwa! Palepale. Hakusogea hata upana wa unywele.

Akalia kwa hasira. "Huyu ana dawa. Amekwenda mahali akapewa dawa, na anamficha wifi yake. Tunakimbia pamoja, tunakula pamoja, yeye anapungua, mimi nimesimama." Usingizi ukamruka. Kila alipofumba macho alimwona Siwatu akiingia suu, akitoka suu, akiingia tena.

Akaamua kumkomesha. "Yeye anakula kumi? Mimi nitakimbia nisile hata moja. Tuone nani atakuwa mwembamba." Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula, akapepesuka kama mlevi. Siku ya tatu akiwa njiani magoti yakakunjika, puu, akaanguka kabla hata ya kulifikia lile tope lake. Siwatu akamnyanyua, akampa ndago nne.

"Kula, wifi. Utakufa."

"Sitaki chako."

Lakini mate yalikuwa yanamtoka. Siwatu alipogeuza kisogo tu, Mashavu akala zile nne, akaenda kwenye bonde la ndago, akalifyeka. Kafu kafu kafu, mpaka jua likazama. Lile bonde mngeliona mngedhani limelimwa.

Shimoni sasa hata makalio yaligoma.

Na nyasi nazo? Zimeanza kuwa njano. Ng'ambo ya mto akasikika mtu anacheka. Huyo hakuwa mtu.

Mashavu akaenda tena kwa Fundi, safari hii bila maringo. Akamkuta anachimba shimo jipya. Fukua fukua, udongo unaruka. Akamwambia, "Fundi, nimekimbia nikala, sikupungua. Nimekimbia nikakaa na njaa, nimezidi. Nakufa, na wifi yangu atakuwa mlangoni kwake ananitazama."

Fundi akachimba, akatoa lundo moja la udongo. Kisha akageuka, akausukuma wote ndani, akakwangua na mwingine wa pembeni, akausukuma nao ndani.

"Shimo liko wapi?" akauliza.

"Shimo gani? Si umelifukia."

"Lakini nimechimba. Tazama jasho."

Mashavu akalitazama jasho, akautazama udongo.

Fundi akafukua upya. Udongo ukatoka. Akachukua kidogo tu, akaulowesha kwa mate, akaushindilia kwenye kuta, pu pu pu. "Huu kidogo narudisha, kuta zisinidondokee kichwani. Wewe ulipokaa na njaa hukurudisha hata kidogo, ndiyo maana ulijidondokea. Uliobaki naacha nje. Tena narudisha kwa kadiri nilivyochimba kweli, sirudishi kwa kadiri nilivyochoka. Hebu niambie, wewe huwa unakimbia mpaka wapi?"

Mashavu akatazama chini. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mpaka topeni."

"Na ndago zako unazihesabu kwa nani?"

"Kwa wifi."

"Basi umekuwa ukifukia shimo lako kwa udongo wa shimo lake," akasema Fundi, akaendelea na kazi yake.

Kuanzia siku ile Mashavu akalipita tope. Akalipita huku akilitazama, lakini akalipita. Akafika kwenye jiwe jeupe, akarudi. Akiwa na njaa ya kweli alikula ndago tatu, siku nyingine nne, akaziacha zilizobaki ardhini. Wivu haukuisha, msidanganyike. Akimwona Siwatu anafikisha kumi, roho ilimchoma. Basi akawa anageuka anakula akimpa mgongo, asimwone. Kila jioni akajipima shimoni. Makalio yakapita. Tumbo likaingia robo, likaingia nusu.

Adhuhuri moja wakiwa bondeni, nyasi zote kavu, kicheko kikasikika upande huu wa mto.

Fisi kavuka.

Mikia juu! Tifu tifu tifu! Siwatu akafika kichuguuni, akageuka, suu, akapotea. Mashavu akafika, akageuka, akarudi nyuma. Suu... kwa.

Fisi huyo anakuja, ulimi nje. Anacheka, maana ameona uso wa ngiri mlangoni na mabega yote yako nje.

"Mama, umekwama?"

Mashavu akatoa pumzi yote. Akasukuma. Suu... Msinishike, nasimulia. Akasukuma tena, ngozi ya mabega ikachubuka, suu! Akaingia. Fisi akajitupa, pua yake ikakutana na meno ya Mashavu, chwa! Akajaribu kuingiza kichwa, mabega yakagoma. Shimo lile halikuwa na nafasi ya Fisi. Akaondoka analamba pua, hakucheka tena.

Kisha kutoka shimo la pili ikaja sauti inayotetemeka.

"Wifi, umeingia?"

"Nimeingia."

Siwatu akaanza kulia. Mashavu akamwuliza, "Wifi, ulijua nalala topeni. Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia? Ungesema nakusimanga. Halafu, wifi, nikwambie ukweli. Nilikuwa na wivu. Kila asubuhi mimi jua linanichoma mpaka kule kwenye jiwe, na nikirudi nakukuta umejinyoosha, tope mpaka shingoni. Nilikuwa nakupita huku naumia. Nilisema moyoni, huyu mwenzangu anaishi."

Mashavu akacheka mpaka vumbi likamdondokea. Kumbe siku zote zile, kila mmoja alikuwa anamezea mate raha ya mwenzake.

Basi wanangu, na ninyi watu wazima mnaojifanya hamsikilizi, funzo ni hili. Ukitoka jasho ili upungue, usile mpaka ulichopunguza kikarudi chote. Rudisha kidogo cha kukupa nguvu, kwa kadiri ulivyokimbia kweli, na usijiue kwa njaa. Na chakula chako kipime kwa mwili wako. Usikipime kwa sahani ya wifi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo. Anayetaka kuingia na ageuke kwanza, ajipime.