Mikono ya Bi Mize

Mwanamke mmoja alikuwa na mikono iliyoaminiwa na mtaa mzima. Jina lake Bi Mize. Mtu akijifungua, ni yeye aliyeitwa kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto mpaka arubaini itimie. Kichanga kikiingia mikononi mwake kilinyamaza. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, pamoja na beseni.

Kisha binti yake mwenyewe akafa akijifungua, yeye na mtoto siku moja. Bi Mize akazika, akapokea pole, akarudi kazini machozi hayajakauka, maana watu walimwambia kazi ni dawa. Watu husema mengi. Siku moja, akiwa amemshika mtoto wa jirani juu ya beseni, mikono ikaanza kutetemeka, na wazo likamjia kwamba atamwachia majini. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akaacha kazi. Akaenda hospitali, kwa daktari wa maradhi ya akili, na safari ile fupi ilitaka ushujaa mkubwa kuliko mengi tunayoyasifia vibarazani.

Daktari alifunga mlango kabla ya kumwuliza lolote. Ndipo Bi Mize akasema yote, hata lile la beseni, ambalo hakuwahi kumwambia hata mwanawe aliyebaki. Daktari akaandika, akampa dawa, akamtaka aje kila mwezi. Mwaka ulipopita mikono ilikuwa imetulia, na daktari akaandika tena, kwamba mama huyu anaweza kurudi kwenye kazi yake. Akarudi, huku akiendelea kufuata dawa zake kila mwezi, na vichanga vikanyamaza kama zamani.

Baadaye hospitali ile iliachana na mafaili ya karatasi, ikaleta kompyuta. Lilikuwa jambo jema, nisiwe mwongo. Taarifa hazikupotea tena, wala mgonjwa hakulazimika kusimulia maradhi yake upya kwenye kila dirisha. Lakini chumba cha daktari kilikuwa na mlango, na kompyuta hawakuiwekea. Aliyeketi mapokezi aliweza kusoma yote, ya jino, ya macho na ya moyoni.

Mapokezi aliketi Salha, dada wa mke wa mwanawe Bi Mize, binti mwema mwenye adabu zake. Bi Mize alikwenda siku hiyo kupimwa macho tu. Salha akafungua jina lake, akaona lile la beseni, akaishia hapo; yaliyoandikwa chini yake hakuyasoma. Na dada yake huyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Ulimi ukamwasha. Akamwambia dada yake, na dada yake akamwambia mumewe, Sudi, mtoto pekee aliyembakia Bi Mize.

Mjukuu akazaliwa. Asubuhi yake Bi Mize akaja na beseni lake na mafuta ya nazi, amejifunga khanga mpya. Sudi akamzuia mlangoni.

"Mama, wewe pumzika tu," alisema, macho chini. "Tumeshapata mtu wa kumwogesha."

Ndani maji yalikuwa yakimiminwa. Salha akatoka analia, akaapa kwamba hakusema kwa ubaya, alimhofia mtoto tu. Hapo Bi Mize akaelewa. Akamgeukia yule binti.

"Lile nilimwambia daktari, mwanangu," alisema, "na mlango ulikuwa umefungwa."

Hakugombana na mtu. Alirudi kwake, na tangu siku ile hakukanyaga tena hospitali, kwa kuwa alijua kila neno atakalomwambia daktari litasomwa dirishani. Dawa zikamwishia. Usingizi ukamkimbia, kisha mikono ikaanza kutetemeka tena, safari hii mbele za watu. Na wale waliomkatalia mtoto wakaambiana kwamba waliona mbali. Inaniuma kulisema. Walimsukuma mpaka akawa kile walichokiogopa, kisha wakajisifu kwa tahadhari yao.

Arubaini ilipotimia, Sudi aliingiwa na haya, akambeba mtoto akampelekea mama yake amshike. Bi Mize akaificha mikono ndani ya khanga. Akamtazama mjukuu wake, akamwombea dua, wala hakumpokea.

Wapo wasemao kwamba kosa la Salha ni kutosoma hadi mwisho. Mimi nasema hata angesoma hadi mwisho, hayakuwa yake kuyasoma. Hakuongeza neno la uongo, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Basi niambieni, nyinyi ambao kazi zenu zimewakabidhi siri za watu: ukweli wa mtu mwingine ukiugawa kwa huruma, umehurumia au umeiba?