Bi Nguchiro na Mapinduzi ya Tarambuzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakiposana na kukaribishana kahawa, palikuwa na kijiji kilichoitwa Makorongoni. Sikilizeni kwa utaratibu, watoto, kwa sababu jambo hili lilitokea hatua kwa hatua, na atakayeruka hatua moja hataelewa ilikuwaje kiboko mzima akageuka kuwa ngazi.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko nyingine zote. Kila nyumba ilikuwa na baraza mbele ya mlango. Mgeni akiketi barazani na kuanzisha hoja, mwenye nyumba hakuruhusiwa kumwinua mpaka hoja hiyo iishe. Zaidi ya hayo, kwa kila hoja mgeni alistahili kikombe kimoja cha kahawa.

Walioitunga desturi hiyo hawakuwahi kukutana na Mzee Kiboko na Bwana Nyati.

Bi Nguchiro alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, mama wa watoto wanne. Wiki mbili kabla ya masika, upepo ulivuma, vuuu! ukaezua paa lake lote. Fito zilivunjika, nyasi zikatawanyika hadi kijiji cha pili. Bi Nguchiro hakulia. Alikata nyasi mpya kwa siku sita, akafunga matita kumi na mawili, akayapanga barazani. Siku ya saba, ambayo ilikuwa Jumatatu, alikwenda kisimani kuchota maji.

Aliporudi, alimkuta Mzee Kiboko ameketi, pwaa! juu ya matita yote kumi na mawili. Bwana Nyati alikuwa ameegemea mlango, na watoto wanne walikuwa wakichungulia kati ya miguu yake.

"Bi Nguchiro, tumeshakaribia," alisema Kiboko.

"Karibuni, Mzee Kiboko. Karibu, shemeji Nyati," alijibu Bi Nguchiro, kwa kuwa Nyati alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. "Ila hapo ulipoketi, mzee wangu, ndipo lilipo paa langu."

"Laini sana," alisema Kiboko, akajisogeza. Krrr, krrr, nyasi zikalalamika. "Sasa. Matatizo yote ya dunia hii yanatokana na jambo moja: viongozi hawanishirikishi."

"Wakushirikishe wewe?" Nyati alicheka, hohoo! "Juzi ulipotea njia ya kwenda mtoni, na mtoni ndiko kwenu!"

"Usinitoe kwenye mada. Nasema mataifa makubwa yakae mezani."

"Yamekaa mezani miaka hamsini! Chakula cha hapo ni kizuri mno, hakuna anayetaka kuinuka."

"Kahawa," alisema Kiboko, bila kumtazama mwenye nyumba.

Bi Nguchiro akamimina. Hoja moja, kikombe kimoja.

Kutoka kwenye mataifa makubwa walihamia kwenye muziki. Nyati alisema kwamba zamani mwimbaji akiachwa na mpenzi wake alilia kwa dakika tisa kamili, na gitaa likamsaidia. Waimbaji wa siku hizi wanaachwa kwa dakika mbili tu, na dakika moja kati ya hizo wanataja majina yao wenyewe. Kutoka kwenye muziki walihamia kwenye mpira, ambako Kiboko alimfukuza kocha, akapanga kikosi upya na kujiteua nahodha, ingawa hakuwahi kuupiga mpira hata mara moja isipokuwa kwa kuukalia. Kutoka hapo wakafika kwenye maharage: chumvi itiwe mwanzo au mwisho? Hoja hiyo peke yake ilikula vikombe vinne.

"Wazee wangu," Bi Nguchiro aliomba ilipofika adhuhuri, "mawingu yanajikusanya. Naomba nyasi zangu niezeke. Watoto hawana kitu juu ya vichwa vyao."

"Subiri kwanza tumalize suala la Ulaya," alijibu Nyati.

"Litaisha lini, shemeji?"

"Shemeji yangu! Lilianza kabla hujazaliwa!"

Jumanne wakaja tena. Jumatano wakaja mapema zaidi, wakasema wamewahi ili wasikose nafasi. Jioni ya Jumatano tone moja la mvua lilianguka, to! juu ya pua ya kitinda mimba wa Bi Nguchiro.

"Mama," aliuliza mtoto, "mvua ikija tutaingia wapi, na ndani nako ni kama nje?"

Bi Nguchiro alilifuta tone lile kwa kidole. Kisha akawaza hivi: kwa siku tatu nzima nimewasikiliza wakubwa hawa. Nimesikia "nilijua", nimesikia "nilisema", nimesikia "nilitabiri". Neno moja tu sijalisikia: "sijui".

Alhamisi, wageni walipokuwa wameketi na kikombe cha kwanza kimenywewa, Bi Nguchiro alitokea mbio, tipu-tipu-tipu, akihema.

"Jamani, jamani! Hamjasikia? Tarambuzi kumepinduliwa!"

Watoto, nchi hiyo haikuwapo. Haikuwahi kuwapo. Bi Nguchiro alikuwa ameiunda asubuhi ile ile alipokuwa akikoka moto. Kiboko alimtazama Nyati. Nyati alimtazama Kiboko. Kila mmoja alisubiri mwenzake aulize Tarambuzi ni wapi, amcheke mpaka machozi yamtoke.

Hakuna aliyeuliza.

"Nilisema!" Kiboko alipiga paja, paa! "Tangu mwaka juzi nilisema Tarambuzi haitafika mbali!"

"Wewe ulisema?" Nyati alifoka. "Mimi ndiye niliyesema! Unaijua Tarambuzi wewe?"

"Nimekula samaki wake! Watamu, wana miiba miwili tu. Na rais wao aliyepinduliwa ni shujaa. Kajenga barabara."

"Shujaa? Mwizi wa mchana kweupe! Binamu yangu ameoa huko, ana watoto watatu. Kanali aliyempindua ndiye mkombozi!"

"Kibaraka!"

"Kibaraka wewe na samaki wako!"

Bi Nguchiro alisubiri mpaka pembe na meno vilipokaribiana. Kisha akakohoa kidogo.

"Wazee wangu, hesabu ni hii. Barazani hapa tuko watatu. Mzee Kiboko yuko na rais, shemeji yuko na kanali. Nyumba yangu ikimtambua mmoja, huyo amepata wawili dhidi ya mmoja, na mwenzake ameshindwa mbele ya kijiji kizima."

Wakageuka kumtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Na wewe uko upande gani?" waliuliza pamoja.

"Mimi? Mimi ni nchi ndogo, sifungamani na upande wowote," Bi Nguchiro alijibu kwa unyenyekevu. "Ila nchi ndogo hutazama ni nani anayeijali. Mimi, kwa mfano, sina paa."

Kiboko alisimama. Alisimama, watoto! Mara ya kwanza kwa siku nne matita kumi na mawili yalivuta pumzi mchana, fyuuu.

"Kwa niaba ya rais halali wa Tarambuzi," alitangaza, huku akiyanyooshea mkono, "nakupa msaada wa matita kumi na mawili ya nyasi!"

Bi Nguchiro aliinamisha kichwa.

"Ukarimu ulioje, mzee wangu. Sikutegemea."

"Nyasi bila fito ni msaada gani huo?" Nyati aling'aka. "Kanali anatoa fito mia moja! Na nitazikata mimi mwenyewe!"

Akatimua mbio, pukuti, pukuti, mpaka vumbi likamfunika.

Sasa fuateni mpangilio. Alhamisi mchana Nyati alileta fito. Alhamisi jioni alizifunga, maana Kiboko alikuwa amemwambia kwamba kanali hajui kufunga hata kamba za viatu. Ijumaa asubuhi Kiboko alijibu kwa kuleta udongo wa mtoni na kukandika ukuta wa nyuma uliokuwa na nyufa. Ijumaa mchana Nyati alijibu kwa kukandika ukuta wa mbele, ambao haukuwa na ufa wowote. Kila msaada ulikuja na hotuba, na kila hotuba Bi Nguchiro aliipigia makofi, pa-pa-pa, kisha akasema, "Upande wa pili nao utasikilizwa."

Kahawa haikuombwa. Hakuna aliyekuwa ameketi.

Jumamosi asubuhi iliwadia kazi ya kuezeka. Ngazi haikuwapo.

"Rais hashindwi na urefu," alisema Kiboko, akajibana ubavuni mwa nyumba. "Panda hapa!"

Bi Nguchiro akapanda mgongoni, akafika kichwani, akaanza kuezeka. Chini, Nyati alikuwa akimrushia nyasi kwa pembe zake, hop! hop! Tita la kwanza, la pili, mpaka la kumi. Yalibaki mawili ya kufunika mgongo wa paa, na mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu.

Ndipo Mwewe alipotua kwenye ncha ya ufito, akiwa ametoka safari ya miezi mitatu.

"Habari za hapa! Kulikoni, mbona Mzee Kiboko kawa ngazi?"

"Hujambo, Mwewe. Tunasaidia kwa ajili ya Tarambuzi," Nyati alijibu kwa majivuno. "Umepita huko?"

"Wapi?"

"Tarambuzi!"

Mwewe alikunja shingo, akafikiri. "Nimeruka juu ya nchi zote, kubwa na ndogo, hata zile ambazo zenyewe hazina uhakika kama ni nchi. Tarambuzi haipo."

Bi Nguchiro aliganda juu ya kichwa cha Kiboko, kamba ikiwa mdomoni. Alichungulia ndani kupitia lile tundu refu la katikati. Wanawe wanne walikuwa wamekaa moja kwa moja chini yake, wakitazama juu. Ngurumo ikalia, gudu-gudu-gudu. Kiboko akisogea hatua moja tu, kazi imekwisha.

Kiboko alimtazama Nyati. Nyati alimtazama Kiboko. Samaki wenye miiba miwili walipita katikati yao, na nyuma yao binamu mwenye watoto watatu.

"Mwewe," Kiboko alisema polepole, "shida yako wewe unapita juu juu tu."

"Kabisa!" Nyati alidakia. "Nchi haijulikani kwa kuiruka! Unataka kuniambia wale watoto wa binamu yangu wamezaliwa hewani?"

"Anayekulipa kusema hayo ni nani?" Kiboko aliuliza.

"Ndiyo, nani?" aliuliza Nyati.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana tangu walipozaliwa. Mwewe, ambaye alikuwa ameiona dunia yote, alipepesa macho. Akamwona Bi Nguchiro na kamba yake. Akaona watoto wanne kupitia tundu.

"Huenda nilipopita hapo nilikuwa nimesinzia," alisema, akaruka zake.

"Umeona?" Nyati alisema. "Hop!"

Tita la kumi na moja likaruka. La kumi na mbili likafuata. Bi Nguchiro alikaza fundo la mwisho, akateleza mgongoni mwa Kiboko, akaingia ndani, na mvua ikashuka, chwaaa! chwaaa! Hapakuvuja hata tone moja.

Wakubwa wawili walibaki nje, maji yakiwatiririka masikioni.

"Haya, Bi Nguchiro!" Kiboko aliita. "Paa unalo. Tamka! Nyumba hii inamtambua nani?"

"Rais au kanali?" Nyati alipiga kwato. "Tamka, shemeji, tupate kuketi tunywe kahawa!"

Bi Nguchiro alitoa pua yake mlangoni.

"Wazee wangu, nyumba hii imeketi, imejadili na imekata shauri. Si haki kumwamulia Mtarambuzi mambo ya kwao hali hayupo. Nileteeni mmoja tu, nimsikie kwa masikio yangu. Atakayemfikisha hapa wa kwanza, upande wake ndio nitakaoutambua."

"Mmoja tu?" Kiboko alicheka kwa dharau. "Nitakuletea ukoo mzima!"

"Wangu ni shemeji wa binamu yangu, atakuja na mkewe!" alisema Nyati. "Tarambuzi iko kaskazini, wala si mbali."

"Kusini, mjinga wewe! Samaki wale ni wa kusini!"

Wakaondoka ndani ya mvua, mmoja kaskazini, mmoja kusini, wakitukanana mpaka sauti zao zikamezwa na ngurumo. Baraza likabaki tupu, na Bi Nguchiro akaketi hapo, chini ya paa lake jipya, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akajimiminia kikombe.

"Mama," aliuliza kitinda mimba, "wakimpata je?"

"Wakimpata, mwanangu, nitampikia kahawa," alijibu Bi Nguchiro, "maana atakuwa ametoka mbali kwelikweli."

Kikombe changu kimekwisha, watoto, na hoja yangu imekwisha nacho, mnaruhusiwa kuniinua. Funzo ni hili: anayeona aibu kusema "sijui" hugeuzwa ngazi na anayejua kuuliza.