Dola Iliyosimama Kisimani

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Mkisinzia je?

Tufinye!

Basi sogeeni motoni.

Hapo kale, kale sana, kwenye tambarare za kaskazini, waliishi watu wa koo tatu: ukoo wa ngamia, ukoo wa ng'ombe na ukoo wa mbuzi. Maji yalikuwa mahali pamoja tu, chini ya kisima kirefu chenye giza. Ukoo mmoja ukijipanga ukutani, haufiki majini. Koo mbili zikijipanga, hazifiki. Koo zote tatu zikijipanga, mtu juu ya mtu, ndoo ya ngozi hupanda mkono kwa mkono mpaka juani.

Hivyo ndivyo dola yao ilivyoanza. Haikuwa na kasri wala jeshi. Ilikuwa na sheria moja: aliyesimama kisimani hana adui.

Wakamchagua Halake, wa ukoo wa ngamia, awe mfalme wa kugawa maji. Mbweha akasikia, akaja.

"Bwana mkubwa," akasema, "wazee wako wanachafuka matope kwa nini?"

Halake akawatoa wazee wake kisimani. Waliobaki wakanyoosha mikono.

Kesho yake mbweha akaja. "Na vijana wako?"

Halake akawatoa vijana wake. Waliobaki wakafikiana kwa ncha za vidole.

Siku ya tatu mbweha akaja. "Na wanawake wako?"

Halake akawatoa wanawake wake.

Siku hiyo aliyesimama chini kabisa alikuwa Talaso, wa ukoo wa mbuzi. Mtoto wake mchanga, Guyo, alikuwa juu, mikononi mwa Bibi Diramu, mama yake Halake. Juu ya Talaso alisimama mumewe, Galgalo.

"Baba Guyo, pokea."

"Nimepokea."

Galgalo akairusha ndoo juu. Hapakuwa na mtu wa kuidaka. Ndoo ikarudi, ikagonga ukuta. Udongo ukaanguka: puu! Matope yakafika magotini mwa Talaso.

"Baba Guyo, ukuta unabomoka."

"Nipe mkono, upande."

"Miguu imenasa."

Puu! Matope yakafika kiunoni.

Galgalo akaita, "Jamani, nishikeni nimvute!"

"Hatukufikii!" wakajibu wa juu.

Puu! Matope yakafika kifuani.

Juu ya kisima, ukoo wa ngamia ukamtazama Halake. Mbweha akamnong'oneza, "Mfalme hashuki matopeni." Halake akabaki ameketi.

Bibi Diramu akamwekea Halake yule mtoto mapajani.

"Mshike."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwenye pengo ulilolitoboa."

"Na magoti yako, mama?"

"Mabovu. Nakwenda nayo hivyo hivyo."

Ajuza akaingiza mguu kisimani. Wanawake wakamfuata. Vijana wakamfuata. Wazee nao wakamfuata. Mkono ukashika mkono mpaka kwa Galgalo, naye akamshika mkewe.

Wakavuta, Talaso hakutoka. Wakavuta, Talaso hakutoka. Wakavuta tena, matope yakamwachia, yakabaki na viatu vyake.

Talaso alipofika juu alinyoosha mikono tu. Halake akampa mwanawe. Vazi la mfalme lilikuwa limelowa mapajani, na si kwa maji ya kisima. Hakuna aliyecheka.

Halake akalivua lile vazi. Akashuka, akawapita wazee, akawapita vijana, akampita mama yake. Akafika pale aliposimama Talaso, akaanza kuzoa matope kwa mikono.

Tangu siku hiyo, katika dola ile, anayetawala husimama chini kabisa, pale udongo unapoangukia.

Basi, wanangu, anayetaka kuamuru watu na akae mahali ambapo akikosea, ataumia yeye kwanza.

Na mbweha? Bado anatafuta mfalme. Jana nilimsikia nyuma ya zizi, nikamwambia humu ndani anayeamuru ni mtoto, na hajaota meno.

Hadithi yangu imefika, imekaa chini. Aliyelala abebwe, aliye macho afukie moto.