Koleo na Nondo Nene

La, mjukuu wangu, hawakumfukuza kazi. Nani kakwambia hivyo? Hebu kaa. Watu husema kuuliza si ujinga, lakini wenyewe hawaulizi mpaka maji yawafike shingoni.

Kaka yangu tulimwita Koleo, maana koleo la kukazia waya halikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kufunga nondo, zile fimbo za chuma zinazolala ndani ya zege. Walikuwa wanajenga jengo la ofisi, ghorofa kumi na mbili, vioo vitupu. Juu ya mlango mkubwa kulikuwa na bapa la zege linalotokeza nje kama ulimi, mita tatu, bila nguzo hata moja mbele. Watu wapite chini yake wasilowe.

Koleo, msimamizi wa nondo, na wenzake wakafunga siku mbili. Nondo nene wakazilaza chini, kama kwenye sakafu zote. Siku ya tatu, magari ya zege yameshaitwa, akaitazama tena ramani. Shule hakwenda sana, kama mimi, ila michoro aliijua. Nondo nene zilichorwa juu.

Akageuza karatasi, zikawa chini. Akairudisha, zikawa juu. Kichwa kikamzunguka kama pia.

"Umeishika miguu juu," akasema seremala aliyepigilia mbao za kushikilia zege.

"Mbona maandishi yamekaa sawa?"

"Basi mchoraji alisinzia. Chuma kinabeba zege. Kitabebaje kikiwa juu?"

Hilo nalo likamwingia. Akazidi kupotea.

Nyapara akamvuta kando. "Miaka ishirini kazini, leo ukamuulize yule binti injinia? Akijua hujui, usimamizi wa nondo nampa mwingine."

Koleo akasimama pale kama aliyesahau alikokuwa anakwenda. Akiuliza, anapoteza cheo. Asipouliza, na lile bapa likashuka watu wako chini? Miguu ikampeleka kibandani kwa injinia.

"Binti yangu, samahani. Nondo nene nimezilaza chini. Ramani inasema juu. Sielewi."

Binti hakucheka. Alichomoa sifongo kwenye kiti kilichochanika, akaikata mikato midogo kwa wembe, juu na chini. Akailaza juu ya matofali mawili, akaikandamiza katikati.

"Pameachama wapi, baba?"

"Chini."

"Hiyo ni sakafu. Sasa ishike ncha moja tu." Akaikandamiza ncha ya pili. Mikato ya juu ikaachama kama midomo ya samaki.

"Juu," Koleo akasema.

"Zege halivumilii kuvutwa. Chuma kinakaa panapovutwa. Tungemwaga leo, siku ya kutoa mbao zinazolishikilia lingeshuka na watu."

Akapiga simu, magari yakarudishwa. Wakaanza kufungua.

"Swali moja, kazi ya siku mbili," seremala akanung'unika.

"Na bado sijaelewa vizuri," Koleo akajibu. "Nitamuuliza tena."

Nyapara alikuwa anakata waya tu. Mwishowe akamsogelea injinia, akakohoa. "Mama, na zile baraza za ghorofa ya nne tutakazofunga, zinazoning'inia... nazo juu?"

Injinia akasema nazo juu, na hakuna aliyemcheka. Usimamizi ukabaki kwa Koleo, hakuna aliyeugusa tena. Kesho yake saa kumi jioni nondo nene ya mwisho ikakaa juu, wakanawa mikono, wakaketi kwenye mbao kula, injinia katikati yao, na kila aliyemeza tonge alikuwa na jambo la kumuuliza. Maana kuuliza si ujinga.